Chombo Nilichokiosha

Mvua za Novemba 1966 zilinikuta Garissa, katika nyumba ya serikali yenye chumba kimoja na baraza, mimi na binti yangu Eunike, aliyekuwa na miezi mitano. Mume wangu, Komora, alikuwa dereva wa lori la idara ya barabara. Mwezi wa Oktoba alitumwa kupeleka mabomba ya kisima Griftu, lori lake likiwa la tatu katika msafara. La kwanza lilipita, la pili likapita, lake likakanyaga bomu lililofukiwa njiani na waasi. Walimrudisha Garissa mguu umefungwa kwa shati la mtu mwingine, na kesho yake wakampandisha ndege ya jeshi kwenda Nairobi. Nilimwona kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Hakunitambua.

Tangu hapo sikupata habari. Barabara ya Thika ilikuwa imekatwa na maji, na magari yaliyopita yalibeba askari na risasi, si barua. Halafu nikashikwa na homa kwa wiki mbili. Ilipoondoka, iliondoka na maziwa yangu. Eunike alinyonya akalia, akanyonya akalia, mpaka akachoka kulia.

Kanisa letu halikuwa na jengo. Tulikuwa watu kumi na wawili, tuliokutana katika darasa la shule siku ya Jumapili na Alhamisi alasiri. Mwalimu wetu wa dini, mzee Buya, alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, wa dispensari. Alitoka upande wa chini wa mto Tana kama sisi, akaoa, akafiwa, akabaki na kazi yake na sala zake. Maduka yalikuwa hayana maziwa ya kopo, kwa hiyo alinitafutia njia nyingine. Alikwenda kwenye manyatta, kijiji kile cha miiba ambamo serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji Wasomali chini ya ulinzi wa askari, akaniletea mama mmoja mrefu aliyeitwa Rukiyo.

"Huyu ameachiwa ngamia mmoja anayekamuliwa," Buya alisema. "Ana pasi ya kutoka langoni asubuhi. Wewe una unga wa posho ya Komora. Patana naye."

Tukapatana. Maziwa kwa unga. Rukiyo alimtazama Eunike, akamfunua, akamgeuza kama mtu anayenunua mbuzi.

"Hii mtoto iko njaa," akasema. "Wewe mama nakonda, yeye nakonda. Bwana yako wabi?"

"Nairobi. Hospitali."

"Bole. Mimi naleta maziwa. Usichemshe. Maziwa ya ngamia nachemshwa na watu hawajui ngamia."

Nitasema ukweli, sikumpenda. Kila nilipomwona akija na shuka lake na viatu vyake vya ngozi, nilifikiri kwamba mtu wa kwao ndiye aliyechimba shimo la bomu lile barabarani. Alikuwa na wana wawili ambao hakuwahi kusema waliko, nami nilijijibu mwenyewe waliko. Lakini nilipokea maziwa, kwa sababu binti yangu aliyanywa na kulala.

Rukiyo alikuwa na vyombo viwili vya maziwa vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi, vimebanana hata havivuji tone. Kwao huitwa dhiil. Kila asubuhi alileta kimoja kimejaa na kuchukua kile kitupu cha jana. Ndani vilikuwa vyeusi tititi, na maziwa yake yalikuwa na ladha ya moshi na vijipande vyeusi vilivyoelea juu. Nilivichuja kwa kitambaa. Mimi nililelewa misheni. Mama wa kizungu aliyetufundisha wasichana kushona na kupika, si kusoma, alitukagua kucha na masufuria kabla ya ibada, akatuambia kwamba Mungu hakai mahali pachafu. Nilikuwa nimeamini hilo kama nilivyoamini mengine yote.

Baada ya wiki tatu Eunike alinenepa mashavu. Siku ya Jumatatu alicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza, akimcheka Rukiyo aliyekuwa akimwigiza ngamia wake.

"Anafanya hivi," Rukiyo alisema, akikunja mdomo upande mmoja. "Mimi namwambia toa maziwa, yeye nafanya hivi. Kama mzee Gelle, karani. Wewe umeona Gelle akiombwa chai na mke wake?"

Hata mimi nilicheka. Gelle alikuwa karani wa idara ya barabara, jirani yangu, na mdomo ule ulikuwa wake kabisa.

Rukiyo alipoondoka nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa nikimpokea kila siku bila moyo. Nikataka kumfanyia jambo la wema. Maziwa ya siku hiyo nilikuwa nimeyamimina, na chombo chake kitupu kilikuwa mezani. Nikachemsha maji, nikachukua sabuni ya mche na mchanga wa mto, nikakisugua. Maji yalitoka meusi kama wino. Nikamwaga, nikatia mengine, nikasugua tena, mara nne, mpaka maji yakatoka kahawia, kisha karibu meupe. Nikakianika juani nikiwa nimeridhika. Nilifikiri, kesho atashangaa.

Lakini Jumanne mvua ilikuwa kubwa. Rukiyo alifika amejifunika, ana mafua, akanipa chombo kilichojaa, akakitia kile kilichooshwa ndani ya shuka lake na kuondoka haraka. Sikupata nafasi ya kumwonyesha. Jumatano akaniletea maziwa ndani yake.

Yalikuwa na povu, lakini maziwa ya ngamia siku zote huwa na povu. Sikuyachuja kwa sababu hayakuwa na vijipande vyeusi. Nikamnywesha Eunike, naye akanywa kwa kukunja uso. Kabla ya saa nne alitapika. Adhuhuri alikuwa akiharisha maji. Jioni macho yake yalikuwa yamezama na utosi umebonyea. Buya alinipa maji ya chumvi na sukari ya kumpa kwa kijiko, akasema nisimpe kitu kingine. Akauliza alikula nini.

"Maziwa tu. Ya yule mwanamke."

"Basi yamechacha," Buya akasema. "Unyevu ukiwa kama huu, hutokea."

Mimi sikufikiria kuchacha. Siku zile mjini watu walisema visima vinatiwa sumu. Wengine walisema sukari imetiwa vioo. Hakuna aliyekuwa ameona, ila kila mtu alimjua mtu aliyeona. Nilikaa na kijiko changu nikimtazama mtoto, na jambo likajiunga lenyewe kichwani mwangu. Walimchukua baba, sasa wanamchukua mtoto.

Alhamisi, kafyu ya kutotoka usiku ilipofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, nilimfunga Eunike mgongoni nikaenda kwenye kituo kidogo cha askari karibu na lango la manyatta. Koplo alikuwa akinyoa ndevu nje, kioo kimetundikwa kwenye mwiba. Nikamweleza. Akajifuta povu, akaingia ndani, akachukua karatasi.

"Jina lake nani?"

"Rukiyo."

"Ana watoto wa kiume?"

"Wawili."

"Wako wapi?"

"Hasemi."

"Ahaa. Aliwahi kukuuliza habari za mumeo?"

Nikafikiri. Karibu kila siku Rukiyo aliniuliza kama nimepata habari za Komora.

"Ndiyo," nikasema.

Akaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa nimesema. Akanisogezea kidau cha wino, nikaweka kidole gumba mahali aliponionyesha. Wakati ule sikujua kusoma hata jina langu.

Nilikuwa bado natoka mlangoni Rukiyo alipofika langoni na pasi yake mkononi na chombo cha maziwa begani, kile kingine. Askari wawili walimshika mikono. Mmoja alifungua kifuniko, akamwaga maziwa yote kwenye matope. Mbwa wa kituo akaja kuyalamba. Rukiyo hakupiga kelele. Aliniona nimesimama, akamwona Eunike mgongoni, kichwa kimelala upande.

"Abaayo," akaniita, neno lao la kumwita dada. "Mtoto iko aje?"

Nilikwenda zangu.

Alasiri ile tulikutana darasani. Mzee Buya alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuubadilisha hata siku za risasi. Katika mkutano wa Alhamisi hakuna aliyeruhusiwa kuomba kitu mpaka kwanza ashukuru kwa jambo moja, tena jambo la wiki ile ile, lenye jina. Huwezi kusema unashukuru kwa uzima. Alikuwa akikukatiza. "Uzima gani? Ulioonekana wapi?" Mtu asiyekuwa na la kushukuru alinyamaza, na wengine walimwombea.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Tangu Komora apelekwe Nairobi nilikuwa nimenyamaza Alhamisi tano. Siku hiyo nikasema, "Namshukuru Mungu kwa kumwokoa mwanangu na mkono wa adui, na kwa kunifunulia adui mwenyewe kabla hajamaliza."

Watu wakasema Amina. Buya hakusema. Aliniangalia juu ya miwani yake, akasema, "Haya. Anayefuata."

Niliketi. Sikuwa na amani. Nilidhani ni kwa sababu ya mtoto, lakini mtoto alikuwa ameanza kupata nafuu. Alikuwa amelala kwenye mapaja yangu, anapumua vizuri, na utosi umerudi. Nilikwenda nyumbani na maneno yangu yakanifuata njia nzima.

Ijumaa mchana Arbia, mke wa Gelle, alikuja kumwona Eunike. Arbia alikuwa Msomali wa mjini, mwanamke wa mzaha, aliyezaliwa kwenye maduka ya Garissa na kujua Kiswahili kuliko mimi. Aliketi kwenye baraza. Chombo cha Rukiyo, kile cha Jumatano, kilikuwa pembeni na nzi juu yake. Akakivuta, akafungua kifuniko, akaweka pua. Akarudisha kichwa nyuma.

"Mama Eunike, nani ameosha hiki?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Sabuni."

"Najua ni sabuni, nina pua. Nauliza kwa nini." Akaanza kucheka. "Wallahi mimi ni mke wa karani, nakaa nyumba ya mabati, lakini nikiosha dhiil kwa sabuni mama mkwe wangu atanirudisha kwa baba leo leo, hata kabla ya kuswali. Chombo hiki hakioshwi. Kinatiwa vijinga vya moto, unatikisa, unafuta. Moshi ndio unaosafisha. Maziwa yanakaa siku nzima hayaharibiki. Na hii sabuni imeingia kwenye nyuzi, haitoki. Utainywa mwaka mzima." Alikuwa bado akicheka alipoona uso wangu. "Ni nini?"

Nikamwambia.

Arbia alifunga kifuniko polepole. Akakiweka chombo chini kama kitu kinachoweza kusikia.

"Mtoto alikunywa sabuni," akasema. "Ni hivyo tu. Sabuni, na maziwa yaliyolala bila moshi." Kisha akasema, "Unajua lori linaondoka kesho saa mbili? Gelle ndiye aliyeandika karatasi ya petroli. Wanapelekwa watu tisa, naye ni mmoja wao. Kambi ya kuzuiliwa, mbali. Wanaokwenda kule hawana kesi wala tarehe. Mama yangu mdogo alikwenda mwezi wa sita, hatujui kama yuko hai."

"Mimi nitafanyaje?"

"Sijui. Mimi nikienda pale watanipandisha na mimi." Akainuka, akatikisa vumbi kwenye nguo. "Wewe ndiye uliyeweka kidole."

Alipoondoka nilifunga mlango, ingawa ilikuwa mchana na joto kali, nikapiga magoti karibu na kitanda. Nilijaribu kuomba Mungu amtoe Rukiyo kwa njia yake mwenyewe. Yeye anazo njia nyingi. Inspekta wa kituo angeweza kuugua, lori lingeweza kukwama kwenye matope. Niliomba hivyo kwa muda mrefu, kwa bidii, nikijua ninachofanya. Nilikuwa nikimwomba Mungu aende kituoni badala yangu.

Kwa sababu niliogopa. Nilijua mtu anayetoa habari za uongo kwa serikali wakati wa vita anafungwa. Nyumba ilikuwa ya Komora kwa kazi yake, na kazi yake sasa ilikuwa mguu uliofungwa kwa shati. Wangenitoa. Nikifungwa, Eunike atakwenda wapi? Nilikuwa na sababu nzuri, na kila sababu ilikuwa ya kweli.

Nilikwenda dispensari kumwona Buya. Alikuwa akimfunga mzee mmoja kidonda. Nilimweleza nikiwa nimesimama, naye hakuacha kufunga.

"Jana ulishukuru," akasema nilipomaliza.

"Ndiyo."

"Ulishukuru kwa jambo lisilokuwepo. Nilisikia, lakini sikujua ni lipi." Akakata bendeji. "Inspekta amekwenda doria, anarudi kesho asubuhi. Koplo hawezi kubadilisha neno bila yeye. Nenda kafyu ikifunguliwa tu. Kichukue chombo."

"Wakinifunga?"

"Eunike atakaa kwangu, mpaka Komora arudi au wewe urudi. Nimewahi kulea." Akamgeukia mgonjwa. "Haya mzee, usiloweshe." Kisha akaniambia, kwa sauti ile ile, "Sitakuambia kwamba hawatakufunga. Sijui."

Nilikuwa nimetumaini ataniambia kwamba Mungu hatakubali. Lakini nilipotoka pale nilikuwa na miguu ya kutembea.

Jumamosi nilifika kituoni saa kumi na mbili na dakika chache, Eunike mgongoni na chombo mkononi. Lori lilikuwa limeegeshwa mbele, turubai juu, na nyuma ya kituo, katika kibanda cha mabati, nilisikia watu wakikohoa. Koplo alikuwa na kikombe cha chai.

"Mama shahidi," akasema. "Umeleta habari nyingine?"

"Nimeleta ile ile, lakini nilikosea. Hakuna sumu. Ni sabuni. Niliosha mimi mwenyewe."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanywa chai.

"Alhamisi ulikuwa shahidi, leo umekuwa wakili wake? Amekupa nini?"

"Niliweka kidole kwenye jambo la uongo. Nataka kulifuta."

"Kidole hakifutwi. Wino umekauka. Kama habari ile ni ya uongo, wewe ndiye mwongo, na mwongo ana nafasi yake kwenye lori. Kuna nafasi ya kumi. Unataka?"

"Nataka kumngojea Inspekta."

"Ngoja basi. Benchi hilo hapo. Mtoto asinililie."

Nikaketi. Eunike alikuwa macho, anatafuna pindo la kanga. Saa moja ikapita kwenye saa ya ukutani ambayo sikujua kuisoma vizuri. Nilijua tu mahali mshale mfupi utakapokuwa lori likiondoka. Dereva alikuja akafungua boneti. Koplo aliita majina kwenye karatasi, kwa kujizoeza, na la Rukiyo lilikuwa la sita.

Ni pale, kwenye benchi lile, ndipo jambo hili liliponitokea, na silielezi kama muujiza kwa sababu hakuna kilichobadilika. Nilitaka kuomba. Nikakumbuka utaratibu wa Buya, kwamba kwanza ushukuru, kwa jambo la wiki hii, lenye jina. Nikaanza kutafuta. Nilishukuru kwa pua ya Arbia. Nikashukuru kwamba alikuja Ijumaa, si Jumapili. Nikashukuru kwa sukari na chumvi ya Buya. Nikashukuru kwamba koplo aliniruhusu kukaa. Nikashukuru kwa maziwa ya wiki tatu, kila siku, hata siku za mvua, yaliyoletwa na mtu ambaye sikumpenda, na kwa unga ambao Komora aliuacha. Nikashukuru kwa Komora, kwamba walipomtoa kwenye lori alikuwa na shati la mtu mguuni, maana yake kuna mtu alivua shati lake. Sikuwa nimewahi kulifikiria shati hilo. Kwa wiki zote nilikuwa nimemfikiria aliyechimba shimo.

Nilipomaliza kushukuru nilikuta sina cha kuomba. Niliogopa bado. Lakini nilijua kwamba nikipandishwa lori nitakwenda nikiwa mtu kamili, na nikirudi nyumbani nitarudi hivyo hivyo. Nilikuwa na amani.

Inspekta alifika na Landrova yenye matope mpaka kwenye vioo. Alikuwa mtu wa bara, mfupi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Koplo alimweleza haraka, na neno "mwongo" lilikuwamo. Inspekta akachukua karatasi yangu.

"Unajua kusoma?"

"Hapana, bwana."

Akanisomea. Ilisema kwamba nilimwona mshukiwa akichanganya maziwa na dawa. Ilisema kwamba mshukiwa alikuwa akiniuliza mara kwa mara habari za misafara ya serikali.

"Ulisema haya?"

"Nilisema maziwa yalimwumiza mtoto. Dawa sikuona. Na hakuuliza habari za msafara. Aliniuliza kama nimepata barua ya mume wangu."

"Koplo?"

"Bwana, mumewe alikuwa kwenye msafara," koplo akasema. "Ni kitu kimoja."

Inspekta aliiweka karatasi mezani. Mimi nikaomba maji. Nikayamimina kwenye chombo cha Rukiyo kutoka kwenye mtungi wao wenyewe, nikafunga kifuniko, nikatikisa kama mtu anayesukasuka maziwa, kisha nikayamimina kwenye beseni ambamo koplo alinyolea. Povu lilijaa, likapanda, likamwagika pembeni. Harufu ya sabuni ya mche ikajaa chumba. Hata dereva aliyekuwa mlangoni aliisikia.

Inspekta alitazama povu. Akatazama lile lililokauka kwenye brashi ya koplo. Nadhani kama hakuwa amechoka sana angecheka.

"Unajua naweza kukufunga?"

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini umekuja?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kanisani. Hayakutoka. Nikasema, "Alimwulizia mtoto wangu wakati wanamshika."

Inspekta alimtazama Eunike. Akachukua kalamu, akapiga mstari karatasi nzima kutoka pembe hadi pembe, akaandika kitu chini, akasaini. "Toa wa sita," akamwambia koplo. "Pasi yake mtaishika wiki moja. Na wewe, mama, siku nyingine mtoto akiumwa nenda kwa dresa, usije kwa askari."

Watu wanane walipandishwa. Sikuwajua. Nimewaombea tangu siku hiyo, bila majina.

Rukiyo alitoka nyuma ya kituo akiwa na shuka limelowa upande mmoja. Nilimsubiri kwenye njia. Niliona heri niseme kabla hajasema.

"Ni mimi niliyekushtaki."

"Najua. Mimi iko macho."

"Niliosha chombo chako kwa sabuni. Nilitaka kukufanyia wema. Mtoto alipoumwa nikasema umemtia sumu."

Akanyoosha mkono, akachukua chombo. Akanusa. Akaendelea kunusa kama mtu anayetafuta kitu ndani ambacho huenda bado kimo.

"Hii alishona mama yangu," akasema. "Kule kwetu, Eldas. Mimi bado msichana. Moshi yake miaka ishirini." Akafunga. "Siku ile askari walikataza kuni, mimi sikutia moto. Na mafua, bua yangu ilikuwa imefunga, sikusikia sabuni. Ngekuwa nimesikia, ngemwaga."

"Nisamehe."

Alikuwa akitazama lori likitoka, likiyumba kwenye matope.

"Wewe ulifikiri watoto wangu wako msituni na bunduki," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi sijui wako wabi. Walikuwa na wanyama, Eldas. Mimi sijui wako hai. Wewe hujui bwana yako, mimi sijui watoto. Kila siku nauliza wewe barua, kwa sababu mimi hakuna mtu wa kuniuliza." Akampa Eunike kidole, naye akakishika. "Siku mbili ngamia hajakamuliwa. Mtu mwingine akimkaribia anabiga teke. Sasa maziwa itakuwa kidogo. Usinilaumu."

"Sitakulaumu."

"Basi tafuta kuni ngumu, kavu. Si za mto. Nikipata pasi, nitakuja."

Pasi ilirudishwa baada ya siku tisa. Katika siku hizo Eunike aliishi kwa uji mwepesi na kikombe cha maziwa ya unga ambacho Buya aliomba kwa wauguzi. Nilikuwa sina hakika kwamba Rukiyo atakuja. Siku ya Jumanne alikuja, na chombo kimoja chenye maziwa yasiyofika nusu, na kile kingine kitupu.

Tulikaa kwenye baraza. Nilikuwa na kuni za mgunga, nimezitafuta mwenyewe nje ya mji pamoja na wanawake wengine, chini ya ulinzi wa askari. Akazichoma mpaka zikawa vijinga, akatia viwili ndani ya chombo, akafunga, akatikisa, akafungua, akatoa, akafuta kwa kitambaa cha nyuzi. Akanusa. Akakunja uso.

"Sabuni," akasema. "Tena."

Alifanya mara saba asubuhi ile. Mara ya nane alinipa mimi. Niliungua kidole, naye akasema sasa hicho nacho kinafaa kuwekwa kwenye karatasi ya serikali. Ilikuwa mara ya kwanza kunitania tangu siku ile. Nilicheka mpaka nikalia kidogo, na akajifanya anatazama moto.

Alhamisi iliyofuata nilisimama darasani nikasema nilivyofanya, kuanzia sabuni mpaka kidole. Hakuna aliyesema Amina kwa muda, kwa sababu si jambo la kusemea Amina haraka. Kisha Buya akauliza, kama kawaida yake, "Na shukrani?"

Nikasema nashukuru kwa moshi.

"Moshi gani?"

"Wa mgunga. Jumanne, kwenye baraza yangu."

Akakubali kwa kichwa. "Haya. Anayefuata."

Barua ya Komora ilifika kabla ya Krismasi, imeandikwa na mkono wa muuguzi. Arbia alinisomea. Walikuwa wameukata mguu chini ya goti, na anakula, na anauliza mtoto ameota meno mangapi. Rukiyo alipokuja asubuhi yake nilimwambia kabla hajauliza. Alisema "Alhamdulillahi" mara tatu, akaketi kwenye baraza, akaomba chai. Hakuwa amewahi kuomba chai nyumbani kwangu. Nikamwekea maji jikoni, na kabla sijakaa nami nikamwuliza kama kuna mtu yeyote aliyetoka upande wa Eldas wiki hiyo.